Siku Niliyopiga Manyanga Chiwata

Juzi, kwenye harusi Masasi, nilinusa ngozi ya ngoma ikipashwa moto, nikakumbuka alasiri moja kule Chiwata. Mpiga manyanga wa bendi ya mjomba alikuwa anaumwa, basi mjomba akanikabidhi mimi, binti wa miaka minane. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Katikati ya wimbo, bibi mmoja alikuja akanifunika kanga mabegani. Nilidhani nimeharibu wimbo na sasa ananirudisha nyumbani, nikaangua kilio.

"Unalilia nini, mama?" aliuliza mjomba. "Umepiga vizuri. Unatunzwa!"

Wakati ule sikujua kutunzwa ni nini, ila nilisikia vigelegele. Nilifuta machozi, nikapiga kwa nguvu hadi mjomba akaniomba nipunguze, maana sauti yake haikusikika tena.