Samli Niliyomficha Mama

Mwishoni mwa miaka ya themanini mama aliugua saratani ya utumbo mpana. Mdogo wangu, msomi wa familia, aliniandikia kutoka maabara ya chuo kikuu kwamba wanajaribu dawa ya kuzuia seli za saratani hiyo zisitengeneze kolesteroli, mafuta zinayohitaji ili zikue. Mimi niliyeacha shule mapema na kuzurura na malori ya mifugo, wivu ulinichoma. Nikaamua kumponya mama kabla yake. Ili saratani ikose mafuta, nilificha kibuyu cha samli ya kukaangia buni, punje za kahawa ambazo ni kitafunwa chetu Waborana, na kwa wiki tatu mama akatafuna buni kavu huku akikonda.

Mdogo wangu alipofika nyumbani Wabera nilimweleza kwa majivuno. Akashika kichwa.

"Kaka, hiyo seli inajipikia mafuta yenyewe! Dawa ndiyo inazima jiko lake, na bado tunaijaribu kwenye chupa za maabara tu. Wewe umemnyima mama chakula bure."

Nilirudisha kibuyu, nikakaanga buni mwenyewe. Mama alikula mpaka midomo ikang'aa. Kisha akachota kiganja kizima, mkono ukanipita, akampa yeye.

"Kula, daktari wangu."