Chumvi Kiunoni mwa Mama

Kaka yangu mkubwa alitupigia simu akasema amekodi mashua. Siyo mtumbwi, wala siyo hayo majahazi ya mbao yanayoondoka Kindu yamejaa mihogo na mbuzi. Mashua ya vitanda, wapishi na muziki, ya kutembea mtoni kule Kinshasa siku mbili: yeye, mke wake, watoto, wakwe zake, na sisi. Alisema hiyo inaitwa kruazieri ya familia.

"Familia!" nilimwambia mama simu ilipokatika. "Leo ndiyo amelikumbuka neno."

Na mto wenyewe ni huu huu. Maji yanayopita hapa Kindu, tunayofulia nguo, ndiyo hayo hayo yanayofika Kinshasa. Sasa eti tupande ndege tuyakimbilie maji yaliyotupita mlangoni bure. Nikasema mimi siendi, potelea mbali. Mama hakubishana. Alisema, "Mie ninaenda. Na weye utanisindikiza, sijue kufunga ule mukaba wa ndege." Mama akishasema hivyo, shauri limekwisha.

Usinione nina roho mbaya. Au nione hivyo, lakini kwanza usikie.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Treni ilikufa relini. Njia ya Kalima, njia ya Punia, kote hakupitiki. Mtu akienda shambani nje kidogo ya mji, mkewe alikuwa anaanza kulia kabla ya jioni. Kila kitu kilitoka juu, kwa ndege. Sabuni kutoka juu, dawa kutoka juu, askari kutoka juu. Na chumvi ikapotea kabisa. Tulichoma maganda ya ndizi na majani ya mtoni, tukachuja majivu, tukapikia sombe, majani ya mhogo, kwa yale maji meusi. Wewe unayelalamika kwamba mchuzi haukukolea, njoo nikupikie sombe ya majivu, halafu tuzungumze.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli asiyekuwa na treni. Alimtafutia kaka nafasi katika ndege ya mizigo iliyokuwa inakwenda Goma. Wakati ule kaka ndiyo kwanza ndevu zinamwota. Alikaa juu ya magunia ya mchele, bidoni, yaani dumu la mawese, kati ya miguu yake na kifurushi cha samaki wa moshi. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuitamka: auze, anunue chumvi, arudi na ndege itakayofuata.

Ndege ilirudi. Yeye hakurudi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mikelenge, karibu na uwanja wa ndege, na pale unaisikia ndege kabla hujaiona. Kila ilipolia baba aliniambia, "Kimbia, ukamutazame yaya yako," yaani kaka. Nami nilikimbia. Nilikuwa kitoto cha miguu miembamba. Nilisimama kwenye majani kando ya uwanja, kati ya askari, nikaangalia wanavyoshusha magunia, masanduku, wafanyabiashara wenye jasho. Wakimaliza kushusha nilirudi. Baba hakuwa ananiuliza kitu. Alikuwa anaangalia mikono yangu tu.

Nilikimbia hivyo mpaka baba akafa kwa homa, vita bado havijaisha, ulimi wake bado una majivu. Siku tuliyomzika ndege ililia. Miguu yangu ikataka kwenda. Niliikanyaga chini nikabaki, na sijawahi kumwambia mtu.

Baadaye tulisikia kwamba kaka yuko hai. Alifika Uganda, akazunguka, akatokea Kinshasa, akafungua duka la mabati. Siku ya Idi anapiga simu. Anatuma nguo, anatuma dawa za mama. Lakini kukanyaga Kindu, hapana. Kazi nyingi, anasema. Asiyekuwapo na lake halipo, wazee walisema. Huyu hakuwapo, na lake lilikuwapo kila siku ndani ya nyumba yetu. Mimi sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, na mpaka leo ndege ikilia chaki inasimama ubaoni. Watoto wanacheka. Wanafikiri mwalimu wao anapenda ndege. Ninazichukia ndege!

Basi, juma la safari nilimkuta mama amekaa mlangoni, anamimina chumvi katika kipande cha kitambaa. Alikifunga fundo, akakifunga tena kiunoni, chini ya kikwembe.

"Mama, hiyo ya nini? Kinshasa kuna chumvi."

"Hii iko ya yaya yako."

Loo, nilifurahi kama mwehu. Nilielewa mara moja, au nilijidanganya kwamba nimeelewa. Mama atamtupia usoni! Mbele ya mkewe, mbele ya wakwe zake wenye miwani ya jua: hii hapa chumvi tuliyokutuma, mwanaume, imebidi tuilete wenyewe. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeitaka safari ile kunishinda. Nilimkumbusha mama hata saa ya mashua kuondoka. Kaka alikuwa ametuambia mara nyingi: mashua ni ya watu, haimsubiri mtu. Ikitupita, mama hatamwona. Jioni ile ile ya kushuka mashuani kaka angepanda ndege nyingine kwenda nje kwa biashara, na mama yangu siyo mtu wa kusema atasafiri tena mwakani.

Aliagiza pia tuvae nyeupe, kwa ajili ya picha. Mama akasonya. "Nyeupe njo ya sanda. Siku yangu haiyafika." Akavaa kijani. Mimi mjinga nikavaa nyeupe.

Sasa sikiliza, kama umepangiwa kupanda ndege Kindu. Usimwambie jirani siku ya safari. Sisi tulisema, na alfajiri mlango ulijaa: samaki wa moshi wa shangazi wa fulani, vifurushi vya viwavi vilivyokaushwa, bidoni ya mawese ya shemeji wa mtu. Nikauliza, huyo shemeji anakaa wapi Kinshasa? "Ukifika uulize tu, wanamujua." Makubwa! Mji ule wote, niulize tu! Na ukikubali mawese, kwa sababu utakubali, sote tunakubali, usiyaweke kwenye rafu ya ndege juu ya kichwa chako.

Uwanjani kwetu wanakupima kwenye mizani pamoja na vitu vyako, kama gunia la mpunga. Mama alipanda. Mkaguzi, kijana mwenye kola iliyonyooka, akampapasa kiunoni, akagusa fundo.

"Mama, hii njo nini?"

"Chumvi."

"Fungua." Akafungua. Kijana akaitazama kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. "Unga mweupe haupite. Tupa kule."

Mama hakupiga kelele. Alilifunga fundo lake, akainua kikwembe kidogo, akaketi. Juu ya mizani. Akakunja miguu kama yuko kwenye mkeka wake.

"Mama, toka, watu wapimwe."

"Mupime tu. Mie niko hapa."

Nani atapimwa na mizani ina bibi juu yake? Mstari ukasimama. Mwanzo watu walicheka, kisha wakakasirika, na hasira ya abiria wa Kindu siyo ya mchezo. Mfanyabiashara mmoja wa madini aliniambia nimwondoe mama yangu. Nikamwambia aje amwondoe yeye, kama mama yake alimzaa mwanaume. Akarudi kwenye mstari. Saa zinakwenda, mashua Kinshasa haisubiri, na mimi nimesimama pale nalinda chumvi kwa mabishano yote niliyo nayo, kwa sababu nilitaka ifike usoni inakotakiwa.

Mwishowe mkubwa wa wakaguzi akaja, mtu wa tumbo na kalamu. Akasikiliza, akacheka. "Kama njo chumvi, kula tuone."

Mama akafungua tena. Akachota kiganja kizima, akatia mdomoni. Akatafuna. Ukisikia chumvi inavyolia kwenye meno ya mtu mzee hutaisahau. Machozi yalimtoka kwa ukali wake, lakini macho yenyewe hayakumwacha yule mkubwa. Akameza. Akachota tena.

"Basi, mama! Basi!" yule mkubwa akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Inayobakia siitakula," mama alisema. "Haiko yangu." Akafunga fundo, akanyoosha mkono nimwinue.

Ndani ya ndege alikunywa maji yake, akanywa yangu, akanywa ya yule mfanyabiashara wa madini, ambaye aliyatoa mwenyewe bila kuombwa. Tukatua Kisangani, ambako hakuna aliyetuambia kwamba tutatua. Tukakaa ndani na joto, milango wazi, hakuna maelezo. Kisha tone likaniangukia begani. Nikafuta, vidole vikawa vyekundu. Mawese ya shemeji asiyejulikana! Kabla sijasimama, nguo nyeupe ilikuwa imekwisha, bega mpaka paja. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ya bibi yangu. Mama alisema tu, "Nilikuambia nyeupe haiko muzuri."

Kinshasa foleni ilitushika. Dereva alipiga honi, nami nilimpigia yeye kelele, na jua lilikuwa linashuka. Mama alikaa na mkono kiunoni. Nilimpigia kaka simu, haikupatikana. Nikasema moyoni, ameshaingia majini, anapiga picha.

Tulipofika bandarini gati lilikuwa tupu. Mlinzi akatuonyesha taa mbali mtoni. "Imeondoka. Mumechelewa sana." Muziki tuliusikia kwa mbali. Nikageuka nimwambie mama yale niliyoyaweka miaka yote: umeona mtoto wako? Umeona?

Lakini mama hakuwa ananitazama. Kwenye kitako cha zege, mwisho wa gati, kulikuwa na mtu mwenye nguo nyeupe amekaa peke yake. Alisimama. Alikuwa na tumbo, na upara wa baba, na kusimama kwa baba, bega moja chini.

"Mke wangu na wakwe wameenda na watoto," alisema. Akatuonyesha simu mkononi. "Simu ilizimika. Nilisema nitangojea ndege yenu."

Nikasubiri chumvi. Ninasema kweli, nilisubiri, hata nilirudi nyuma hatua ili mkono wa mama upate nafasi. Mama akafungua fundo. Akaushika mkono wa kaka, akaufungua vidole kimoja kimoja kama vya mtoto, akaimimina chumvi yote ndani yake.

"Mama, ndege zilikatika," kaka alianza. "Kule Goma waliniibia mafuta yote, sikuwa na kitu, ningerudi namna gani mikono mitupu, baba angeni…"

"Nyamaza. Sikukuuliza." Mama aliukunja mkono ule juu ya chumvi, akaushika kwa mikono yake miwili. "Chumvi tulishapata, mwanangu. Ile kazi baba yako alikutuma ilishakwisha. Unaweza kurudia nyumbani."

Yule mtu mwenye mabati na wakwe na mashua alikaa chini, juu ya zege, na suruali yake nyeupe, akalia. Ngumi hakuifungua. Mimi nilisimama na mawese yangu kifuani, hasira bado imenijaa, haina mahali pa kwenda. Nilikasirika hata na mama. Yote yale, mizani, kiganja cha chumvi, kiu, kumbe kwa ajili ya kumsamehe!

Mama akanigeukia. Nilifikiri atasema tutafute gari.

"Na weye," alisema, "baba yako hakutume tena. Wacha kukimbilia ndege."

"Mimi? Mimi sikimbilii ndege yoyote, mama."

Alinifuta bega kwa ncha ya kikwembe chake, ingawa mawese hayatoki hivyo, na alijua.

Kaka alikuja Kindu baada ya mwezi wa mfungo. Mtaa mzima ulikwenda uwanjani, mama mbele, na kijani chake. Walinipitia shuleni. Nikawaambia nina kipindi cha hesabu.

Ndege ililia katikati ya kipindi. Watoto waliweka kalamu chini, wakageuka kunitazama, wameanza kucheka kabla. Sikusimamisha chaki. Nilimaliza mstari, nikaanza mwingine. Nyumbani anapajua. Aje kwa miguu yake.