Chungu cha Moto Mlimani

Watu wa siku hizi husema kipupwe cha Ziwa Nyasa si baridi. Waende wakalale chini ya jiwe, juu kule ambako milima inaangukia ziwani, na kaniki moja mwilini, halafu waje tuzungumze. Mume wangu alilala huko. Wadachi na Waingereza walikuwa wanapigana, na askari wa Mdachi walipita vijijini wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Yeye walimfunga kamba shingoni pamoja na wenzake. Akaikata, akakimbilia mlimani. Wangempata tena, wangempiga risasi. Mimi nikasema hawampati ng'o.

Chakula tulimpelekea kwa zamu, mimi na baba yake. Lakini mkwe wangu huyo sikuwahi kumwona usoni tangu niolewe. Kwetu mke haonani na baba wa mumewe. Akisikia mkwe anakuja, anaacha njia, anachutama majanini na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Hamsemeshi, na jina lake halitamki. Zamu zetu zilipangwa na mama mkwe, aliyetoa neno kwangu akalipeleka kwa mumewe. Sasa mama mkwe akashikwa na homa, akawa hajui hata aliko, na sisi wawili tukabaki kama mabubu katika boma moja.

Zamu yangu ya mwisho nilimkuta mume wangu moto umezimika, kuni zimelowa, anatetemeka, midomo imemkauka. Usiku mwingine kama ule angekufa. Ningemwambia nani? Mzee yuko nyuma ya ukuta, namsikia akikohoa, na siruhusiwi kumwambia mwanao anakufa!

Mimi ni binti wa wafinyanzi wa Ikombe. Jogoo wa kwanza alinikuta nikipanga makaa ndani ya chungu kinene, nikayafunika jivu, nikaweka jani la mgomba juu, nikaondoka. Zamu ya nani? Sikujali.

Mlima ulikuwa umevaa wingu zito, nami nilishukuru, maana bila wingu moto haukuwashwa: askari walipiga kambi ufukweni, na moshi wangeuona. Jua letu hutoka nyuma ya milima, kwa hiyo ng'ambo ya ziwa hupata mwanga kabla yetu. Nilipogeuka nikaona kule kumeanza kuwa na rangi ya dhahabu, na wingu langu linaanza kupasuka. Hapo hapo upepo wa mwera ukaja na manyunyu. Loo! Jua linanifukuza, mvua inanizimia moto. Nilikumbatia chungu kifuani, joto likaniunguza titi, nikapanda karibu kukimbia.

Juu kuna mahali njia inabana, jabali upande huu, korongo upande ule, mtu mmoja tu anapita. Nikakata kona, na hapo mbele yangu nikauona mgongo wa mzee, na mkungu wa ndizi begani.

Naye alinisikia. Unajua alifanya nini? Alisimama palepale, akageukia jabali, akajifunika shuka kichwani, akangoja. Kwa heshima yake alitaka nirudi nyuma nichutame, yeye aendelee kama vile hatujakutana. Na ndivyo nilivyolelewa kufanya. Magoti yangu yenyewe yalianza kukunjika.

Tone la mvua likaanguka juu ya jani, likateleza ndani. Nikasikia jivu likisema *chii*.

"Baba, songa!" nikasema.

Shuka halikutikisika.

"Baba, mwanao anakufa kwa baridi, wewe unaniheshimu!" Nilipiga kelele hadi korongo likaitika. "Nimebeba moto. Unazimika. Wewe una miguu ya mlima huu kuliko mimi. Geuka uupokee!"

"Mwali," sauti ikatoka ndani ya shuka, ya kubembeleza kabisa, "watu watasema nini?"

"Watasema mwanao yu hai."

Akashusha shuka, akageuka. Pua ya mume wangu, kabisa, na macho yamejaa machozi. Sikuinamisha yangu. Nikamtia chungu mikononi, nikamtua ule mkungu wa ndizi. Akakiingiza chungu ndani ya shuka lake, akatangulia, akipuliza kila hatua, nami nikimfuata nyayo kwa nyayo.

Tulimkuta amejikunja chini ya jiwe, meno yakigongana. Makaa mawili tu yalikuwa mekundu bado. Mzee akapiga magoti, mimi nikapiga magoti upande wa pili, vichwa vyetu vikakaribia kugusana, tukapuliza majani makavu niliyobeba kifuani. Moto ukashika. Moshi ukapanda, ukajichanganya na wingu lililokuwa limebaki.

Mume wangu akafumbua macho. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha, mgonjwa vile, akajivuta akageuza uso kwenye jiwe kwa aibu.

"Mke wangu," akanong'ona, "umemwona baba."

"Nimemwona, naye kaniona. Geuka uote moto."

Akageuka.