Boksi la sabufa la Deo

Leo fundi wa redio za magari pale Vingunguti ameniuliza swali dogo, nikalazimika kupiga simu.

Nilitaka anichongee boksi la sabufa kama lile la mwanangu Deo, lililopotea miaka tisa iliyopita.

"Shikamoo mzee. Na wewe unataka kututingishia mtaa?"

Nikacheka, kisha nikakohoa sana.

"Haya, liwe limezibwa kabisa au la tundu? La kuzibwa besi yake kavu, haivumi. La tundu, hadi madirisha ya jirani yanalia."

Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, lakini sikukumbuka la Deo lilikuwa lipi. Nilichokumbuka ni jinsi lilivyowaka.

Ndiyo. Nililipasua kwa shoka nikalipikia makande, kwa hasira ya zile kelele.

Deo akadhani mdogo wake, Festo, ameliuza. Akampiga mbele yangu, nami nikanyamaza. Hawajazungumza hadi leo.

Nikampigia Deo pale pale kumuuliza.

"La tundu, baba. Kwani vipi? Festo amekiri?"

Nikakata simu. Mzee mzima!

Fundi nimemuaga bila kuagiza kitu. Boksi jipya lingenisaidia nini, wakati daktari ameshaniambia nihesabu wiki, si miezi?

Deo, mdogo wako hakuuza chochote. Ni mimi.

Mnaoishi Ukonga karibu na Festo, msomeeni haya tafadhali.

Njooni wote wawili mnikemee ningali nasikia. Naogopa mtakuja kunizika kila mmoja amesimama upande wake wa kaburi.