Mate ya Dada Yangu

Wewe mwenzangu, umeshawahi kukaa kwenye moshi wa nyumba ya Njombe asubuhi ya baridi, ukungu umeziba mlango? Basi sogea. Mimi nimekulia humo, enzi za Mwingereza, na nikisikia harufu ya kiazi kinaungua majivuni, hata leo hapa Makambako, namwona dada yangu.

Dada alikuwa na kifafa. Bakuli lake lilikuwa la peke yake, linaoshwa peke yake, linaanikwa nje. Tulifundishwa hivyo: akianguka usimguse, mate yake yakikupata na wewe utaanguka. Lakini alikuwa mcheshi huyo! Wavulana wakimnyang'anya kiazi, analamba kidole, anawafukuza: "Njooni niwapake!" Wanatupa kiazi, wanakimbilia kwenye miti ya miwati nyuma ya nyumba. Tunacheka mpaka machozi.

Siku hiyo mama kaenda mtoni. Tunachoma viazi, wawili tu. Dada akakatika katikati ya maneno, akaanguka, mkono ndani ya moto.

Nikakimbia. Nikasimama mlangoni napiga kelele. Mama jirani akaja mbio, naye akasimama pale pale nilipo.

"Amekugusa?"

"Hapana."

"Haya, usisogee!"

Akatafuta jembe, akamsukuma dada kwa mpini, kama mtu anavyosukuma gogo. Mpini ukateleza. Akasukuma tena. Alipotoka motoni, mkono ulikuwa umekwisha.

Mama yetu aliporudi akambeba mgongoni mpaka misheni, mimi nyuma yao. Kule nesi akamfuta mate kwa vidole vyake vitupu, akaendelea na kazi. Mimi namkodolea macho, nangoja aanguke. Hakuanguka. Kesho yake yupo, anacheka na wagonjwa.

Kidonda kilioza, dada akatutoka kabla ya mvua. Baada ya mazishi mama aliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa mbali?"

"Hatua tatu, mama."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Siku hizi kuna vidonge, watu wanameza, wanaenda kulima. Nyumba ile imebomoka, miwati imekatwa, mama jirani naye hayupo. Lakini juzi mjukuu wangu karudi kutoka shule anahema: mwenzake kaanguka darasani, wote wametoka mbio, na yeye pia. Nikamkalisha, nikamsimulia haya yote, na namna ya kumshika mtu aliyeanguka. Akalia. Halafu akaniambia, "Bibi, kesho nakaa naye dawati moja. Akianguka tena namlaza ubavu, namfuta mate mwenyewe, na sitoki mpaka aamke."