Shavu la Kushoto la Baba

Baba alikuwa askari wa usiku kwenye kiwanda cha ngozi hapa Thika, na tangu nianze kumjua shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo alivyozaliwa. Kumbe lilikuwa tonge la miraa. Alilianza jioni akifunga buti zake, akiambua ganda la kijiti kwa meno na kutupia karanga mbili tatu, na asubuhi alirudi nalo likiwa limepauka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Sisi watu wa Meru hatusemi kutafuna miraa, tunasema kula. Na baba aliila kweli. Kuna siku sikuona kitu kingine kikiingia mdomoni mwake.

Mimi si mtu wa kuuliza. Hata kwenye sekondari ya bweni nakaa dawati la nyuma, na jibu nikiwa nalo nalimeza. Lakini siku moja mwalimu wa baiolojia alituambia kila msichana akwangue ndani ya shavu lake kwa kijiti cha kiberiti, apake kwenye kipande cha kioo, atie tone la iodini, kisha aangalie kwa hadubini.

"Ati tutazame mate!" wenzangu walicheka.

Zamu yangu ilipofika niliona vitu bapa vimelaliana kama vigae, kila kimoja na nukta katikati.

"Hizo ni seli," mwalimu alisema. "Ni askari wa mlango wa mwili. Zinachoka, zinadondoka, na nyingine zinashika zamu."

Aliposema askari na zamu nikamwona baba na rungu lake getini. Wenzangu walipotoka nilibaki, nikauliza: mtu akiweka miraa shavu lile lile kila siku, hizo seli zinapatwa na nini? Nafikiri mwalimu alishtuka kusikia kwamba nina sauti.

"Sijui," alisema. Nilimpenda kwa jibu hilo. "Hadubini yetu haina nguvu ya kutuambia. Najua miraa inafukuza usingizi na njaa, na inaukimbiza moyo. Lakini mahali panaposuguliwa kila siku bila kupumzika, mwili hujaribu kuweka ngozi ngumu, kama kiganja cha mtu wa jembe. Kiganjani haina neno. Mdomoni, mimi ningepaangalia."

Likizo ilinikuta na neno hilo kichwani. Nyumbani kulikuwa na pilikapilika, maana dada yangu alikuwa amepatana na kijana wa Ruiru, ambaye wazazi wake ni watu wa kwetu wanaofanya kazi kwenye shamba la kahawa. Wazee wake walikuwa wameshapata kwa mwenye shamba ruhusa ya kusafiri, ambayo siku hizi haitolewi ovyo, na wangekuja Jumamosi kuposa. Kwetu posa huja na bunda la miraa iliyochaguliwa vizuri, limefungwa kwa jani la mgomba. Baba wa msichana hulifungua, huchomoa kijiti na kukila mbele ya wageni. Akila, amekubali. Akitema, wageni huchukua kofia zao, na hakuna anayeuliza sababu.

Asubuhi moja nilimwona baba akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, jicho limefumba.

"Baba, fungua mdomo."

"Kwani unanunua mbuzi?"

"Fungua tu."

"Haya, daktari." Akasogea mlangoni penye mwanga.

Ndani ya shavu, pale pale tonge linapokaa, palikuwa na baka jeupe lenye mikunjo, kama ukoko wa uji. Chini yake ufizi ulikuwa mwekundu, na pembeni kulikuwa na kidonda. Nilikumbuka vigae vyangu safi chini ya hadubini.

"Si uache miraa kidogo?"

"Nikiacha nitasinzia. Nikisinzia nani atalinda geti?" Alichukua mkono wangu akauweka kifuani pake. Alikuwa ameketi saa nzima, lakini moyo ulikwenda kama wa mtu aliyepanda mlima. "Na hata nikirudi hapa silali. Mwili umesahau. Wageni wakishaondoka nitaenda hospitali. Kabla ya hapo usimwambie mtu, hata mama yako. Watasema wanaoa kwa mgonjwa."

Jumamosi wakaja watu wawili, baba wa kijana na mjomba wake. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Dada alikuwa nyuma ya pazia, na niliona vidole vya miguu yake vikichezacheza chini ya kitambaa. Bunda likawekwa mezani. Baba alilifungua polepole, akasifu urefu wa vijiti, akachomoa kimoja, akaambua ganda. Nilimwona akilipeleka shavu la kulia. Lakini shavu la kushoto lina mazoea ya miaka. Ulimi ukalisukuma huko huko, akauma mara moja, machozi yakamtoka, na kabla hajajizuia alikuwa ametema kiganjani.

Vidole vya dada vikatulia.

"Mzee," mjomba akasema, "miraa yetu ni chungu?"

"Hapana."

"Labda amezoea zile za wakubwa. Sisi ni watu wa kuchuma kahawa tu." Akanyoosha mkono kuchukua kofia.

Baba aliangalia kiganja chake. Nilijua hatasema. Angeacha posa ivunjike kuliko kusema mbele ya wageni kwamba anaumwa mdomo kama mtoto. Nikaliweka birika chini.

"Baba hakatai," nikasema.

"Nyamaza, wewe," mama akanong'ona.

"Hakatai. Anataka sana. Ana kidonda shavuni, hawezi hata chai ya moto. Mwangalieni."

Uso ulikuwa unaniwaka, nikatamani sakafu initafune mimi. Kisha baba wa kijana akainuka, akamshika baba kidevu kama ndugu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hii nyeupe," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ni ugonjwa?"

"Mtoto anasema hivyo," baba akajibu. " Yeye amesoma."

"Sijasema ni ugonjwa," nikasema. "Nimesema ni ya kuangaliwa."

Mzee wa Ruiru akafungua mdomo wake mwenyewe akauelekeza kwangu. Baka lake lilikuwa kubwa kuliko la baba.

"Ngai!" mjomba akasema, akairudisha kofia yake kwenye kiti. "Sasa mnaoana nyinyi au watoto?"

Ndipo mama akacheka, na pazia likacheka pia. Baba wa kijana akasema bunda limefunguliwa na mikono ya mwenye nyumba, na kwake hiyo imetosha. Kijiti kinaweza kungoja kidonda kipone. Baba akamwita mkwe.

Siku ya kazi iliyofuata baba na mkwe wake huyo walikwenda hospitali pamoja, wakisindikizana kama wasichana. Daktari alitibu kidonda. Kuhusu lile baka alisema wakiliacha lipumzike huenda likaondoka, na huenda pia likageuka kitu kibaya, kwa hiyo warudi lionekane. Baba kwanza alihamishia tonge shavu la kulia akajiona mjanja, mpaka nikamwambia huko nako kuna askari. Baadaye aliomba akapewa zamu ya mchana, kwenye stoo ya chumvi ya kuhifadhia ngozi. Miraa hajaiacha kabisa, nisiseme uongo. Anakula Jumapili. Lakini analala, na nyumba nzima inajua, maana anakoroma.

Harusi ilishafanyika. Kila baba wa kijana anapokuja kutoka Ruiru nikiwa likizo, kabla hata ya chai, baba anaita, "Daktari! Njoo uangalie." Nafika mlangoni nimwangalie, na yule mzee amesimama nyuma yake, kofia mkononi, mdomo ameshaufungua.