Vitundu vya Kiini na Mwalimu Aliyesema "Sijui"

Habari ilinifikia Ijumaa asubuhi, mikono ikinuka nazi. Aliyepiga simu ni binti wa dada wa marehemu: mwalimu mwenzangu wa zamani ametutoka alfajiri, na atazikwa kwao Makunduchi baada ya sala ya alasiri. Nililia. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu jikoni, maana bibi yule hakuwa mtu wa kukumbukwa kwa machozi matupu. Wasomaji wangu mnisamehe basi, leo nawarudisha mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye skuli moja ya Mji Mkongwe ambako mimi nilisomesha Kiswahili na yeye elimu ya viumbe.

Siku moja nilikuwa nimekwenda darasani kwake kuazima chaki, nikamkuta mkaguzi amekaa nyuma na daftari lake. Mwalimu alikuwa akiwaonesha wasichana picha ya kiini cha seli, iliyopigwa kwa hadubini ya nguvu ambayo sisi hatukuwa nayo. Utando wa kiini ulikuwa umejaa vitundu vidogo vidogo. Msichana mmoja akanyanyua mkono. "Mwalimu, nani anayepanga vitundu viwe vingapi?" Akaitazama picha, akamtazama msichana, akajibu kwa sauti ile ile ya kusomeshea: "Sijui, mwanangu. Swali zuri." Mkaguzi akakohoa. Darasa lilipotoka akamwambia, nami nasikia, "Mwalimu hasemi sijui mbele ya wanafunzi." Akajibu kwa adabu, "Na nikisema nisilolijua, bwana mkaguzi, nitakuwa nimewasomesha nini?" Jibu hilo liliandikwa daftarini. Wiki haikwisha, ikaja barua: asipothibitisha kwamba analimudu somo lake, muhula ujao atahamishiwa kusomesha ushoni. Na yeye, jamani, sindano ilimshinda tangu utotoni.

Akamwandikia mhadhiri wa chuo kikuu cha bara, akamuuliza swali lile lile la msichana. Tulingoja miezi. Wasichana nao hawakungoja kimya; walibandika makisio yao ukutani. Mmoja aliandika kuwa kiini kikubwa lazima kiwe na vitundu vingi, mwengine akabisha kwamba seli yenye kazi nyingi ndiyo yenye vingi. Waligombana mpaka wakati wa mapumziko, na mimi niliyezoea kuwabembeleza wasome ushairi nikaona wivu.

Adhuhuri moja nilimsikia akija mbio kutoka posta, buibui limemteleza begani. "Shoga! Shoga! Nao hawajui!" Nikamkalisha, nikamwomba anisomee taratibu. Mhadhiri alisema hakuna idadi moja kwa seli zote. Utando ukipanuka, nafasi ya vitundu huongezeka; seli inayojiandaa kugawanyika huongeza vyake; inayofanya kazi sana, yenye mengi ya kuingiza na kutoa, kwa kawaida huwa na vingi kuliko iliyolala. Wasichana wote wawili walikuwa wamepata. Ama kinachotoa amri ya mwisho kwamba viwe hivi na si zaidi, aliandika, "hilo bado hatulijui, tunalitafuta."

Akamwalika mkaguzi. Alikuja, amevaa koti, akapewa barua alisomee darasa. Alipofika mstari wa mwisho akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma: "Bado hatulijui." Wasichana wakapiga makofi. Yule bwana akatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. "Haya basi, Mwalimu," akasema, "na mimi leo nshasema." Habari ya ushoni haikusikika tena. Mwaka uliofuata, mkaguzi yule yule ndiye aliyempendekeza Mwalimu akasome zaidi bara.

Siku hizi naona watu wazima, wenye vyeo, wakijibu kila kitu papo hapo, na vijana wanaiga. Tunaogopa kuaibika kuliko tunavyoogopa kukosea, na mtoto anayeuliza tunamwona mtundu. Hitimani Makunduchi, tulipokwisha kumsomea marehemu Kurani, nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye mvi, aliyefanya kazi maabara ya hospitali mpaka akastaafu. Kumbe ndiye aliyenyanyua mkono siku ile. Nikamwuliza kama jibu limepatikana. "Mengi yamejulikana," akasema, "lakini yote bado," na macho yakamng'ara kama ya msichana. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Nikaona hapo kwamba mwalimu mzuri hupimwa kwa hamu anayoiacha ndani ya watu, na hamu ile, miaka yote hii, ilikuwa haijapungua hata kidogo.